Jibu la Tatu Lilikuwa Nyanya

Mvua ya Nyamira haina haraka asubuhi. Inawangoja watu wachume majani chai, wayapeleke kituoni, wale chakula cha mchana. Ndipo inapoteremka na kupiga mabati mpaka aliye jikoni asimsikie aliye sebuleni. Katika miaka miwili ya kujiandaa kwa mtihani wa Kijapani nilijifunza kuipanga siku yangu kwa mvua hiyo. Asubuhi ilikuwa ya masikio. Nilivaa spika ndogo za masikioni, nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, nikawasikiliza wanaume na wanawake nisiowajua wakipanga mikutano, wakirudisha viatu dukani, wakiombana radhi kwa kuchelewa. Mchana, mabati yakianza kunguruma, niliyapumzisha masikio nikafungua macho: kurasa za kusoma, na kanji, zile herufi ambazo kila moja ni kama nyumba yenye milango miwili au mitatu. Ukiingia kwa mlango usiofaa unajikuta katika chumba cha watu wengine.

Mazungumzo ya kusikiliza hutanguliwa na swali, na mara nyingi swali ni lilelile: mwanamke atafanya nini kwanza? Kisha mwanamke na mkubwa wake wa kazi wanaongea. Wanataja mambo manne ya kufanywa, wanayapindua, wanaahirisha moja, wanakumbuka jingine, na wewe unatakiwa kuchagua lipi litatangulia. Nyanya alilijua swali hilo kwa sababu nilikuwa nikimtafsiria kwa Ekegusii, lugha yetu, ili naye ashiriki. Alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya kigoda, akichambua mboga mapajani.

"Leo huyo mwanamke amefanya nini?" aliniuliza.

"Amempigia simu mkubwa wake, Nyanya."

"Jana pia alipiga simu. Hana shamba?"

"Anafanya kazi ofisini."

"Ndiyo maana hajui la kutangulia."

Nyanya ndiye aliyetulea, mimi na mdogo wangu, tangu mimi nikiwa darasa la pili na mdogo wangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Kwa Ekegusii, nyanya huitwa magokoro. Nalitaja neno hilo mapema kwa sababu ndilo lililoniangusha.

Nilichokitaka kilikuwa chepesi kukisema. Nilitaka kufaulu mtihani huo katika daraja lake la juu kabisa, lile ambalo hata walimu wetu walilitaja kwa sauti ya chini. Chuo kimoja huko Japani chenye kozi ya watafsiri wa fasihi kilikuwa kimezipenda kurasa zangu, sura mbili za riwaya yangu ya kwanza nilizozigeuza mwenyewe kwa Kijapani, kikaniandikia kwamba nafasi yangu ipo nikileta cheti. Nafasi hiyo wangenishikia kwa mitihani miwili tu, wa mwaka huo na wa mwaka uliofuata. Mtihani wenyewe hufanywa Nairobi mara moja tu kwa mwaka, Jumapili ya mwezi wa kumi na mbili. Na mji wa chuo hicho uko mwendo wa saa moja kwa treni kutoka mji anakoishi mdogo wangu. Saa hiyo moja nilikuwa nimeipima kwenye ramani ya simu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Niliujua mto ambao treni huuvuka. Nilijua vituo vyote kwa majina, nikavitamka nikichuma chai, kila kituo kwa majani mawili na kichipukizi.

Mdogo wangu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Huwaosha, huwalisha, huwageuza kitandani ngozi isije ikachubuka. Kwa miaka minne alikuwa akiwaosha nyanya wa watu, nami nikimwosha wetu.

Tulikuwa tumeanza pamoja. Huko Kisii mjini kulikuwa na darasa la Kijapani kwenye ghorofa, juu ya duka la sare za shule, na kila Jumatatu na Jumatano tulipanda ngazi zake tukiwa na daftari moja, kurasa za kulia zake, za kushoto zangu. Darasa liliandaa watu wa kwenda kutunza wazee. Mimi nilikwenda kwa sababu ya mapenzi ya maneno. Mdogo wangu alikwenda kwa sababu nilikwenda. Mwezi wa kwanza tulifundishwa kwamba mjukuu ni mago, na moyo ni kokoro. Mdogo wangu aliniegemea begani, akaandika kwenye ukurasa wake: mago, kokoro, magokoro.

"Dada, tazama. Kwao nyanya ni moyo wa mjukuu."

Tulicheka mpaka mwalimu akatusimamisha. Hata kile kigugumizi cha herufi tulikielewa bila kufundishwa: katika Kijapani, neno likiungwa nyuma ya jingine, k yake mara nyingine hulegea ikawa g. Nasi tunafanya hivyo tangu tumboni mwa mama. Kulima ni okorema, lakini kusoma ni ogosoma. Hakuna Mgusii anayeulizwa kwa nini. Kwa hiyo kokoro kuwa gokoro kulituingia kama maji, na ile go moja iliyozidi tukaimeza. Tangu siku hiyo magokoro lilikuwa neno letu, la watu wawili tu duniani. Tulilisema tukitoka darasani, tulilisema tukiulizana nani atampelekea Nyanya mkate.

Wote wawili tulifaulu daraja la mwanzo. Nafasi za kazi zikaja mwezi uleule ambao miguu ya Nyanya ilikataa kumpeleka hata kanisani. Alituita, akatukalisha mbele yake, akasema maneno manne: "Nyumba haiachwi na wote." Hakusema nani abaki. Kwa mila yetu hakuwa na haja ya kusema. Kwetu kitindamimba ndiye wa nyumba. Wakubwa hutoka, mdogo hubaki na moto. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kuliangalia sanduku lake kama kitu cha mtu mwingine.

Nikasema nitabaki mimi.

Watu wa kijiji walinisifu. Kanisani mama mmoja alinishika mikono miwili akalia. Kikundi chetu cha waandishi vijana, ambacho hukutana Nyanchwa Jumapili alasiri kusomeana tulichoandika, kilisema nimetoa sadaka ambayo siku moja nitaiandika. Sikuwaambia ukweli. Nilibaki kwa sababu niliogopa. Niliogopa kumgeuza mzee nisiyemjua kitandani, niliogopa kukosea kuongea mbele ya watu, niliogopa theluji. Nyanya alikuwa kisingizio chenye miguu iliyovimba. Siku ile gari lilipomchukua mdogo wangu kwenda uwanja wa ndege, nilisimama barabarani nikipunga mkono, na hapo hapo, vumbi likiwa bado halijatua, hofu ikanitoka yote na hamu ikaingia mahali pake. Ilikuwa imechelewa kwa dakika moja.

Ndipo nilipoanza kusoma kweli.

Vitabu vilikuwa haba. Nilivipata kwa simu, kwa nakala za picha, na kwa mzee mmoja wa Kisii mjini anayeuza spea za magari yaliyotoka Japani. Babu yake alikuja na bidhaa kutoka pwani akaoa Mgusii, na tangu hapo ukoo wao umekuwa na Kiswahili cha nyumbani, Ekegusii cha sokoni na msikiti wa mtaa wao. Kila Alhamisi nilikwenda kumsomea maandishi ya chupa na maboksi. Yeye alinipa chai ya tangawizi na kona ya duka yenye meza.

"Mjapani wangu!" aliniita nikiwa bado ng'ambo ya barabara. "Njoo unisomee dawa hii, isije ikawa ya kuua panya nami nikaitia kwenye injini."

"Ni maji ya kuoshea kioo, mzee."

"Wallahi nimeshamuuzia mwalimu mmoja kama mafuta ya breki."

"Mzee!"

"Natania. Nilitaka nione kama Wajapani wanashtuka."

Gari lake mwenyewe lilikuwa na sauti. Yeyote aliyewahi kupanda gari lililotumika Japani anaijua: ukiwasha tu, mwanamke anasema jambo moja kwa adabu kubwa, kisha ananyamaza. Mzee alimpenda mwanamke huyo.

"Huyu ndiye mke niliyetafuta ujana wangu wote," aliniambia siku moja, akinipeleka stendi ya Nyamira kwa sababu ya mvua. "Ananisalimu kila asubuhi, na hajawahi kuniomba kitu."

"Anaomba, mzee."

"Anaomba nini?"

"Anasema kadi haijaingizwa."

"Kadi gani tena?"

"Ya kulipia barabara, huko kwao. Huwa kuna kijisanduku cha kuitia."

Alizima gari, akaliwasha tena. Mwanamke akasema maneno yake. Mzee akasikiliza kichwa kikiwa upande, kama anayepokea habari ya msiba.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita ananiomba kadi, nami namjibu, haya mama, twende."

Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani sauti ile ilikuwa imekaa nami. Imevushwa bahari, imefikishwa Kisii, na bado inaomba kitu cha kwao ambacho hapa hakipo. Nilimfikiria mdogo wangu akiamka huko asubuhi, akiomba kwa moyo kitu cha kwetu. Nilitaka niwe mtu wa kumwelewa anapoomba.

Mtihani wa kwanza niliuendea vibaya. Sisi ni Waadventista: Ijumaa jua likizama vitabu hufungwa, na safari pia, mpaka Jumamosi jua lizame. Nilingoja Sabato iishe, nikasafiri, nikafika Nairobi Jumapili alfajiri, nikaingia ukumbini nikiwa na macho ya mtu aliyevukizwa moshi. Simu zilitiwa kwenye bahasha. Penseli zililazwa. Swali la nne au la tano lilikuwa la kusoma kanji: herufi mbili, ya kwanza "kweli," ya pili "moyo." Chini yake njia nne za kuzisoma. Unachagua moja, unapaka kiduara chake rangi.

Jibu la tatu lilikuwa magokoro.

Nilitabasamu. Nakumbuka kabisa kwamba nilitabasamu, katika ukumbi wa watu waliokunja nyuso. Niliona daftari letu, ukurasa wa kulia, mwandiko wa mdogo wangu. Nikajiambia: hili si neno la Kijapani, hili ni letu. Tulilitunga sisi, juu ya duka la sare. Mtunga mtihani ameokota sauti tu ili atege watu. Na hata kama lingekuwepo, lingeandikwa kwa herufi ya mjukuu, si ya kweli. Nikamruka Nyanya. Nikapaka la kwanza.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Nilikosa kwa alama moja. Sijui swali lile lilikuwa na uzito gani. Watahini hawasemi, na wala wakati huo sikujua kwamba nililikosa. Nilijua alama moja tu, na nilimwambia Nyanya hivyo, nikiwa nimesimama mbele yake kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Alama moja ni kitu gani?" akasema. "Waambie wakuongezee. Nitawapelekea mkungu wa ndizi."

"Hawali ndizi zetu, Nyanya."

"Hawajazionja."

Siku nne baadaye mdogo wangu alipiga simu ya video. Alikuwa kazini, wakati wa mapumziko, akitembea kwenye korido ndefu na safi yenye vishikio ukutani kwa ajili ya wazee. Alikuwa amezoea kunionyesha huku na huku: dirisha, kikongwe mmoja anayempenda kwa sababu humpenyezea biskuti, mti uliovuliwa majani na baridi. Kwetu ilikuwa bado asubuhi, kwake ni mchana. Simu yake ikapita mahali penye kitambaa cheupe kilichoning'inizwa, chenye herufi mbili nyeusi za wino, kubwa kama milango.

"Bwakire, magokoro," akakiambia kitambaa, kwa kupita tu, jinsi tunavyomwamkia Nyanya.

"Rudi nyuma," nikasema. "Rudisha simu hapo ukutani."

"Hapa? Si unaijua hii."

"Umeiita nini?"

"Magokoro. Ndivyo inavyosomwa. Kauli mbiu ya hapa, kwamba tuwahudumie kwa moyo wa kweli." Akaniangalia. "Dada, usiniambie ulikuwa hujui. Wewe ndiye wa kanji!"

"Nilidhani ni utani wetu."

"Hata mimi, siku ya kwanza. Mkubwa wangu alipoisoma nilikimbilia chooni nikalia. Nilisema, wamejuaje? Nani amewaambia watu hawa habari za Nyanya?"

Nilimwambia kuhusu jibu la tatu. Hakucheka. Kikongwe mmoja alipita nyuma yake akisukuma kigari chake polepole, na mdogo wangu akasogea ukutani kumpisha, akainama kidogo. Alikuwa amejifunza kuinama bila kufikiri.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Miaka mitatu unapita hapo kila siku."

Alikigusa kitambaa kwa ncha ya kidole.

"Kila kitu nilichonacho huku nilikuonyesha," akasema. "Nilitaka niwe na kimoja changu. Naliamkia asubuhi, linanijibu. Basi."

Nilipomsimulia Nyanya, aliacha mboga.

"Jina langu liko ukutani kwao?"

"Neno lako. Kwao maana yake ni moyo wa kweli, moyo usio na hila."

"Wamelitoa wapi?"

"Limetokea tu, Nyanya. Lugha huwa zinagongana."

"Hakuna neno linalotokea tu. Kuna mtu wetu alipita huko." Akafikiri. "Hao watu wana ensoni?"

Ensoni ni neno letu la haya na heshima. Ndilo linalomzuia mkwe kula mbele ya mkwe, ndilo linalomfanya mtu mzima aukwepe mlango wa chumba cha baba yake. Nilimweleza kwamba Wajapani wanayo mpaka ndani ya vitenzi: kula kwangu na kula kwa mkubwa wangu ni maneno mawili mbalimbali, langu linainama, lake linainuliwa. Wanafunzi wengi huliogopa somo hilo. Kwangu lilikuwa somo pekee nililolisoma kama ninayekumbuka.

"Kama wana ensoni," akasema Nyanya, akarudia mboga zake, "basi ni watu. Mtoto yuko kwa watu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mdogo wangu aondoke kumsikia akisema hivyo. Nilitambua kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa halali vizuri.

Mwaka wa pili nilisoma kwa namna nyingine. Sikuruka tena neno lolote kwa kudhani ni langu, wala kwa kudhani si langu. Nilipokwenda Keumbu siku ya soko, nikiwa nangoja mwanamke wa ndizi ahesabu vichane vyake, nilisoma; maji ya Nyanya yakipata moto, nilisoma. Wenzangu wa Nyanchwa walinitania kwamba riwaya yangu ya pili imeanza kunukia mchele. Mzee wa spea alinitafutia mwongozo mzima wa lori, mnene kama Biblia, akasema nikiumaliza nitafaulu mtihani au nitakuwa fundi. Lolote kati ya hayo, sitalala njaa. Lakini kadiri nilivyozidi kuelewa, ndivyo jambo moja lilivyozidi kunikaa kifuani. Nikifaulu, nitakwenda. Nikienda, nani atamwosha? Nyumba haiachwi na wote. Wakati mwingine, katikati ya ukurasa, nilijikuta nikiomba nianguke tena kwa alama moja, na papo hapo nikiomba msamaha kwa kuomba hivyo.

Nyanya aliligundua. Hakuna kinachofichika kwa mtu anayekaa mlangoni siku nzima.

"Unasoma kama mtu anayechimba kaburi," aliniambia. "Soma kama unayepanda."

Safari hii niliondoka Ijumaa asubuhi. Jirani yetu, mama mjane ambaye huchuma chai safu moja nami, alihamia kwetu kwa siku tatu. Sabato niliishinda kanisani Nairobi, nikiwa nimekaa benchi la nyuma kati ya watu walioimba nyimbo zetu kwa lugha nyingine, na Jumapili niliingia ukumbini nikiwa nimelala. Neno letu halikutokea. Kanji zilikuja, nyingine marafiki, nyingine wageni. Baada ya mapumziko ikaja sehemu ya kusikiliza, na hapo kitu kimoja kilinishangaza: ukimya. Ilikuwa alasiri, saa ambayo kwetu mabati hunguruma, na ukumbini hapakuwa na hata tone. Nilijisikia uchi. Kisha sauti ya mwanamke ikauliza, bila haraka, mwanamke atafanya nini kwanza, na nikamsikia Nyanya: hana shamba? Mabega yakanishuka. Nikapaka viduara vyangu kimoja baada ya kingine.

Matokeo yalikuja asubuhi, kabla ya mvua, nikiwa katikati ya chai na kikapu mgongoni. Nilifungua simu kwa vidole vyenye utomvu. Nilisoma mara tatu. Nilikuwa nimefaulu, na si kwa alama moja.

Nilimwandikia mdogo wangu hapo hapo. Kwa muda mrefu nilisimama kati ya miche nikingoja, nikikiona tayari kituo cha treni, yeye amesimama kwenye jukwaa na koti lake la bluu, mimi nikishuka. Nilikuwa nimekiandika kisa hicho kichwani mara nyingi hata kilikuwa na mistari ya kufuta. Jibu likaja kwa Ekegusii, lugha ambayo huwa hatuiandiki.

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa tatu. Walikuwa wamemwomba auongeze, naye aliwaambia wangoje mpaka matokeo yangu yatoke. Sasa ameshawajibu. Anarudi nyumbani mwanzoni mwa mwezi wa nne. "Mimi ndiye kitindamimba," aliandika. "Ulinikopesha zamu yako. Nenda." Kisha, chini yake: "Neno la ukutani nakuachia. Nenda ukaliamkie."

Kozi yangu inaanza mwezi wa nne.

Sikulia wala sikushangilia. Nilisimama na kikapu kizito mgongoni nikitazama vilima vya upande wa Keroka, ambako wingu lilikuwa limeanza kukusanyika, nikaelewa kwamba nimejifunza lugha nzima ili niishi karibu na mtu, na lugha hiyo imemrudisha yeye hapa na kunipeleka mimi kule. Na swali lile likaja lenyewe. Mwanamke atafanya nini kwanza? Atampigia mdogo wake simu, ambishie? Atajaza fomu za chuo? Au atakwenda kwa nyanya yake, ambaye hajaoshwa na maji yake yameshapata moto?

Safari hii sikuliruka la tatu.

Nilimkuta mlangoni. Nilileta beseni, nikachanganya maji, nikachuchumaa nikaitia miguu yake ndani, mguu mmoja halafu mwingine, kama kila siku. Nilimwambia nikiwa nimeinama, ensoni ikinizuia kumtazama usoni.

"Nimefaulu, Nyanya."

"Nimejua. Umeniletea maji kabla sijakuita."

"Mdogo anarudi. Mwezi wa nne."

"Nawe unaenda."

"Nikikubali."

"Utakataa vipi, mtoto ameshafunga mizigo?" Alisukuma maji kwa kidole gumba. Mikono yangu ilikuwa imetulia kwenye kisigino chake, hakunihimiza. "Na nyinyi wawili," akasema, "mtaonana wapi?"

Hilo nilikuwa sijalipata bado. Nilihesabu siku kimoyomoyo. "Labda uwanja wa ndege, Nairobi. Yeye akishuka, kabla mimi sijapanda. Tukipanga vizuri tutapata saa chache."

"Basi mpelekee ndizi."

"Nyanya, anakuja nyumbani. Ndizi zimejaa hapa."

"Miaka minne, halafu angoje mpaka afike Nyamira?" Alinyoosha fimbo yake kupitia mlangoni, kuelekea nyuma ya jiko, ambako mgomba mmoja ulikuwa umetoa ua lake la zambarau wiki ileile. "Ule pale. Mwezi wa nne utakuwa umejaa. Uukate mapema kidogo, ukiwa bado na ukijani, uivie njiani. Na zile mbili tatu za juu, zilizonona, usimpe zote. Mle pamoja."

Niliutazama mgomba. Vidole vya kwanza vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kujitokeza chini ya ua, vyembamba, vimejikunja kama vya mtoto mchanga. Tone la kwanza liligonga mabati, kisha la pili, na kabla mvua haijatuzuia kusikizana nilimuuliza Nyanya niukate siku ngapi kabla ya safari.